Funga Taratibu, Mama

Fundi alikuwa amechoka hata kuitikia salamu. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule kuitwa kwenye tela lile lile, kijumba cha magurudumu alimoishi mama mmoja na mumewe. Bawaba za mlango zilikuwa zimepinda tena na mpira wa pembeni umechanika.

"Mama, nilikuambiaje? Huu mlango ni bati na ubao mwembamba, si geti la gereza. Shika mpini, usukume taratibu mpaka ukae kwenye fremu, ndipo uachie."

"Nimesikia, mwanangu."

"Hata juzi ulisikia! Sikio la kufa halisikii dawa."

Mama hakukasirika. Alimnyooshea kidole mumewe, aliyekaa ndani akiwapa kisogo, akimenya viazi.

"Asiyesikia ni yule. Hata radi haisikii. Nikiingia kimya anashtuka; juzi nusura ajikate kidole. Nikiubamiza mlango, tela zima linatikisika, anajua nimerudi."

Fundi alinyoosha bawaba, akabadilisha mpira, akapaka grisi, akaufunga mlango kwa vidole viwili. Kisha akainama kwa tabu, akagonga kidato cha chuma cha kupandia mlangoni, kilichoshikana na sakafu ya tela.

"Kanyaga hapa, mama, kwa hasira zako zote. Mlango uuache upumzike, na mimi nipumzike."

Mama akakanyaga. Tela likatikisika.

"Umerudi?" mzee aliuliza kutoka ndani.