Nani Ameshika Kamba?

Kalenda ile ilikuwa imepitwa na wakati kitambo, lakini hakuna aliyethubutu kuibandua ukutani, kwa sababu ya picha yake: jengo refu la mjini, limesimama kati ya mengine kama mtu mzima kati ya watoto. Kila asubuhi mke wa mchimba visima alipofagia chumba aliitazama na kusema, "Siku moja nitapanda huko juu, hata kwa kubebwa." Mumewe alicheka tu. Mwaka huo mvua zilipoanza, kazi ikasimama, maana hakuna mwenye akili timamu anayeshuka shimoni udongo umelowa, naye akakosa kisingizio. Wakafunga safari ya siku mbili: yeye, mkewe, na mama mkwe, ambaye hakualikwa na mtu bali alionekana tu kituoni, mkoba kwapani, amevaa viatu vyake vya harusini.

Mji uliwafunga midomo. Mama mkwe, ambaye nyumbani hamalizi kikombe cha chai bila kumsema mtu, alitembea asubuhi nzima akishangaa. Waliona ngazi zinazopanda zenyewe, na watu wamesimama juu yake wakisoma simu kana kwamba ni jambo la kawaida. Waliona maji yakirushwa juu katikati ya uwanja, yakianguka, yakirushwa tena, bila mtu kukinga ndoo. Hapo mchimbaji aligoma kuondoka. Maji aliyoyajua yeye yalitafutwa kwa sururu, mwamba baada ya mwamba, na hapa yalikuwa yanachezewa! Wala hakukasirika. Moyo ulimjaa, akatamani kuyapigia saluti.

Mchana wakafika kwenye jengo la kalenda. Alilitazama kwenda juu mpaka kofia ikamwanguka.

"Hawa wamechimba kwenda juu," alimnong'oneza mkewe, "na hawakugonga mwamba."

Ndani, mlango wa chuma ulifunguka wenyewe. Kilikuwa chumba kidogo chenye kioo, na mama mmoja aliyevaa sare amekaa kwenye kiti kando ya vitufe.

"Karibuni. Lifti inapanda."

"Inavutwa na nini?" aliuliza mchimbaji.

"Kamba, mzee wangu. Kamba za chuma."

"Nani ameshika?"

"Ameshika nini?"

"Kamba."

"Hakuna mtu. Ni mashine."

Waliokuwa nyuma yao wakaangua kicheko. Mchimbaji hakuona cha kuchekesha. Tangu aanze kazi hajawahi kuning'inia kwenye kamba bila kumtazama machoni anayeishika, na mshikaji wake siku zote alikuwa mkewe. Huko chini sauti hupotea, kwa hiyo waliongea kwa kuvuta kamba. Mara moja: niko salama. Mara mbili: nitoe. Mara tatu: maji yamepatikana, na hapo mkewe alipiga kelele mpaka kijiji kizima kikaja mbio.

"Mimi siingii," alisema.

Mkewe alimkazia macho. Basi la kurudi lilikuwa jioni ile ile. "Baba watoto, nimekuja kuuona mji na wewe. Sikuja ili nikusimulie."

"Nendeni. Nitawasubiri hapa."

Mama mkwe alikuwa keshaingia, anajiweka sawa kwenye kioo. "Mwache mwenzio, mwanangu. Kuna watu wa chini na watu wa juu." Mchimbaji akabaki nje. Mkwe hajibiwi.

Mlango ukajifunga. Juu yake namba za taa zikaanza kubadilika, zikapanda na kupanda. Alitega sikio, hakusikia kitu. Aliweka kiganja kwenye chuma, kilikuwa baridi. Mikono yake ilitafuta cha kushika ikakosa. Mkewe alikuwa ananing'inia mahali asipopaona, na hata akipiga kelele hatamsikia. Ndipo, kwa mara ya kwanza, alimwona mkewe akilini, pale mdomoni mwa shimo, mtoto mgongoni, macho gizani, akingoja kamba ivutwe mara moja tu. Na yeye huko chini mara ngapi alisahau kuivuta, anakula zake mihogo! Jioni mkewe akigomba, alimwita mwenye gubu. Aliona haya, haya ya kweli.

Namba zikashuka. Mama mkwe alitoka kwanza, kimya kabisa, na kimya hicho kilimtisha mchimbaji. Nyuma yake akatoka mkewe, macho yamelowa. Kabla hajasema neno, mumewe alianza kumpangusa mabega kana kwamba yana udongo.

"Mbona umechelewa hivyo?"

Mkewe aliyatambua maneno yake mwenyewe ya kila jioni. Akacheka. "Uliogopa?"

"Nimekufa nikafufuka. Hivi ndivyo unavyosimama pale?"

"Kila siku ya kazi."

"Basi kuliko kusimama hapa tena, bora nipande."

Mkewe alivua mtandio, akafunga ncha moja kwenye kifundo cha mkono wake, nyingine akamkabidhi. "Twende. Nimeshika mimi." Mama wa lifti akabonyeza kitufe. Mama mkwe naye akajipenyeza ndani, eti kuna upande hakuuona vizuri.

Alipanda amefumba macho. Upepo wa juu ya paa ulipompiga usoni akayafumbua.

Mji wote ulikuwa miguuni pake. Mapaa kwa maelfu, barabara zikipindana, magari yakitambaa kama siafu, na mbali kabisa, nyumba zilipokwisha, vilima vya kwao, mvua imesimama juu yake. Miaka yote anga ya kazini kwake ilikuwa duara la ukubwa wa ungo. Hii haikuwa na ukingo popote alipogeukia. Alitaka kumwambia mkewe kitu, ulimi ukagoma. Mkono ndio uliosema: ukauvuta mtandio mara moja, mara mbili, mara tatu.

Mkewe hakufikiri. Alitupa kichwa nyuma akapaza sauti yake yote. "Maji! Jamani, maji!"

Watu waliokuwa wakipiga picha wakaruka kando, wakatazama sakafuni kutafuta bomba lililopasuka. Mama mkwe akapiga vigelegele. Mchimbaji alikuwa analia, na hakujali nani anamwona. Alipopata pumzi akauvuta mtandio tena, taratibu, mara moja.