Mlikuwa Wangapi?

Niseme mapema: mimi si mtu wa kugombana na watu wa maofisini. Watu wa maofisini ndio hugombana na mimi.

Mambo yalianza siku ya mvua. Nilikuwa natoka kutundika mapazia kwenye kliniki ya daktari wa meno, madirisha sita, ngazi iko juu ya gari na vyuma vya mapazia vimelala kutoka dashibodi mpaka kioo cha nyuma. Nyuma ya maghala kuna barabara iliyobonyea katikati, na siku hiyo ilikuwa imejaa maji. Nikasimama. Nikasema kwa sauti, kama nilivyosema kwa miaka ishirini na nane, "Tupite, tusipite?" Kimya. Maana aliyekuwa akijibu swali hilo alikuwa ameshaolewa.

Naam, kuolewa! Mdogo wangu, tumbo moja, tuliyeshona naye mapazia chumba kimoja tangu tukiwa wasichana, akaolewa akiwa na miaka hamsini na mbili. Na nani? Na mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyefiwa na mke, anayeishi mji ambao basi la alfajiri linaufikia jioni. Sikumkataza. Gauni la harusi nilimshonea kwa mikono yangu, na nikampamba mwenyewe. Ila alipoanza kunipigia kila jioni kunisimulia jinsi mwalimu anavyopima majani ya chai kwa kijiko, mimi nikaanza kuwa na kazi nyingi. Akipiga, niko kwenye cherehani. Akipiga tena, nina mteja. Mwisho akaacha kupiga, na mimi nikamkasirikia kwa kuacha. Ndivyo nilivyo, sijivunii. Ilikuwa miezi minne sasa hatujasemeshana.

Zamani tukikuta maji, yeye ndiye alikuwa anashuka. Anakunja sketi, anachovya mguu, ananiambia pita au rudi. Siku hiyo hakushuka mtu. Nikapita. Nilipofika katikati likaja lori kutoka mbele, dereva wake hana habari na mtu, likanisukumia wimbi mpaka kwenye kioo. Gari likatikisika, kitu kikalia krrr kule chini, na kuanzia hapo mpaka nyumbani nikawa naburuta kitu barabarani, watu wananinyooshea vidole.

Fundi wangu wa gari anaitwa Bubu, kwa sababu hanyamazi. Aliliinua gari kwa jeki, akaingia chini, na sauti yake ikawa inatokea huko chini.

"Mama, mabamba yako ya chini yamekwisha. La mbele limepasuka vipande viwili. Haya mawili ya katikati yamekunywa maji, yamevimba, yamebanduka."

"Bamba linakunywaje maji wewe?"

"Haya si ya plastiki. Ni kitambaa kilichoshindiliwa mpaka kikawa kigumu. Hebu shika."

Nikainama nikashika. Kweli, kitambaa! Kizito, kimechambuka kama godoro la zamani. Ala! Maisha yangu yote nashona vitambaa, kumbe naendesha juu ya kitambaa, na aliyekitia huko chini hakukipinda hata ukingo. Bubu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatoka chini ya gari, akafuta mikono, akaniambia bila kucheka kwamba bila mabamba yale maji na matope yanarushwa moja kwa moja kwenye nyaya na kwenye mkanda wa injini. Mvua moja tu kubwa, nitabaki njiani.

"Usilitoe gari barabarani. Nenda bima wakutengenezee. Si una bima kubwa?"

Nilikuwa nayo. Na nilihitaji wanitengenezee, kwa sababu bila gari sina kazi. Vyuma vya mita tatu hakuna basi litakalokubali upande navyo. Na kazi ndiyo kitu pekee kilichokuwa kimenibakia. Nikikaa nyumbani, nakaa na meza ya kukatia vitambaa na cherehani mbili, moja imefunikwa shuka tangu harusi. Nasema ukweli, nilikuwa naiogopa ile nyumba mchana kweupe. Nilikuwa nawasha redio kwa ajili ya kusikia mtu akikohoa.

Nikajaza fomu ya madai, na kwenye nafasi ya maelezo ya dereva nikaeleza kila kitu, ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri. Baada ya wiki tatu wakanipigia simu. Maelezo yangu yana utata, nifike mwenyewe leo, kesho faili linafungwa.

Afisa wa madai alikuwa binti wa umri ambao ningeweza kumzaa, miwani mikubwa, feni inampeperushia karatasi na yeye anazibana kwa kiwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Siku ya tukio, ndani ya gari mlikuwa wangapi?"

"Mimi tu."

"Wewe tu." Akavuta karatasi yangu. "Lakini humu 'tu' ni nyingi kweli kweli, mama. Tulitoka kazini. Tuliona maji. Tukasimama, tukashauriana, tukapita. Tukapigwa na wimbi." Akanitazama juu ya miwani. "Mlishauriana na nani?"

"Binti, hiyo ni namna ya kuandika tu."

"Na hiyo nayo 'tu'," akasema, na nikamwona anavyojizuia kucheka. Halafu akaacha mzaha. "Mama, kila aliyekuwemo kwenye gari lazima atoe maelezo yake na atie saini. Ikionekana kuna mtu amefichwa, madai yanakataliwa. Sikuitunga mimi hiyo."

"Hakuna mtu aliyefichwa."

"Kwenye bima yako kuna dereva wa pili." Akasoma jina la mdogo wangu, jina lote mpaka la baba. Miezi minne nilikuwa sijasikia mtu akilitamka. "Si huyu?"

"Huyo ameolewa."

"Walioolewa nao hupanda magari, mama."

Papo hapo akabonyeza namba yake kwenye simu ya mezani na kuweka sauti ya nje. Nilitaka kumwambia akate. Sikuwahi. Simu iliita mara mbili tu.

"Halo?"

Sauti yake ileile, yenye kikwaruzo. Nikajikuta nimeisogelea simu, nikajirudisha nyuma.

Afisa akajitambulisha, kampuni ya bima, gari fulani, limepata madhara kwenye maji tarehe kumi na nne. Hakumaliza.

"Dada yangu yuko wapi? Mbona unapiga wewe? Yuko hai?"

"Ni mzima, yuko hapa mbele yangu. Nataka tu kuthibitisha. Siku hiyo ulikuwa naye kwenye gari?"

Kwa mbali nikasikia mwanamume akiuliza kuna nini, na mdogo wangu akimwambia ngoja.

"Yeye amesemaje?"

"Ameandika kwamba mlikuwa pamoja."

"Kama ameandika hivyo," akasema taratibu, "basi nilikuwepo."

Afisa akashika kalamu. "Ulifanya nini mlipoona maji?"

"Nilishuka nikayapima. Mimi ndiye huwa nashuka. Nikamwambia apite. Kama kuna kosa ni langu, mimi ndiye niliyesema apite, yeye msimsumbue."

Nilimsikiliza anavyodanganya. Tangu utotoni hajui kudanganya, sauti humpanda juu. Alikuwa hajui ni maji gani, ni barabara gani, hajui hata kama gari bado lipo. Aliposikia nimeandika tulikuwa wawili, akaja akasimama pembeni yangu.

"Mlikuwa mnatoka wapi?" afisa akauliza.

"Kutundika mapazia."

"Wapi?"

Hapo akakwama. Nikamsikia akivuta pumzi, anatafuta. "Kwa... kwa mteja mmoja hivi."

Afisa akaweka kalamu chini na kunitazama mimi.

"Hakuwepo," nikasema. "Muache. Wewe, hukuwepo."

"Dada?"

"Hukuwepo. Nilikuwa peke yangu."

"Mbona umeandika..."

"Nimeandika kwa mazoea! Nimezoea, nifanyeje? Ninasema tule, halafu nakula. Ninasema tulale, halafu nalala." Sikupanga kuyasema hayo mbele ya mtu wa bima. Yalitoka yenyewe, na machozi yakatoka nayo, mimi ambaye sikulia hata harusini.

Yule binti akasukuma boksi la tishu kwa kidole, bila kunitazama. Kisha akasema kwa upole, akiielekea simu, "Nisamehe, lakini nina majibu mawili hapa. Nikiyaacha hivi faili linafungwa. Nahitaji useme mwenyewe. Ulikuwepo au hukuwepo?"

Nikajua anachosubiri mdogo wangu. Anasubiri mimi nimruhusu.

"Sema," nikamwambia.

"Dada, mimi sipendi kusema hivyo."

"Sema, tutengenezewe gari."

"Sikuwepo." Ilitoka ndogo, afisa akamwomba arudie isikike. "Sikuwepo! Nimesema sikuwepo. Dada, jioni nitakupigia. Upokee."

"Nitapokea."

"Usiniambie una mteja."

"Nimesema nitapokea!"

Simu ikakatwa. Afisa akanipa karatasi mpya na kalamu yake, akaniambia niandike maelezo yote upya, kila 'tu' iwe 'ni', akaivuta feni upande wa pili ili karatasi isiruke.

Nikaandika. Nilitoka kazini. Niliona maji. Nikasimama. Mpaka hapo kalamu ilikwenda vizuri. Kisha nikaandika nikashauriana, nikabaki nalitazama. Na nani? Neno lile halimkubali mtu mmoja, hata ulifanyeje. Watu nyuma yangu walikuwa wanasubiri zamu yao, mmoja anaguna. Nikalipiga mstari katikati, nikaandika nikapita, nikamalizia yaliyobaki na kutia saini chini.

Afisa alisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari, akaitikia kwa kichwa. "Sasa yako sawa, mama. Mabamba yote matatu tutayalipia, fundi wako aanze hata kesho." Kidole kikasimama. "Ila hapa umekata neno. Ukikata neno lazima utie saini pembeni yake, ijulikane ni wewe mwenyewe uliyekata, si mtu mwingine."

Nikachukua kalamu, nikatia saini pembeni ya neno lile. Si uongo. Ni mimi niliyekata.