Presha ya Oili kwenye Kona ya Mnara

Desmond Thirtle alijulikana Norfolk nzima kwa masikio yake. Watu walimletea magari kutoka mbali, wakayawasha uani kwake, naye akasimama na kikombe cha chai mkononi, kichwa kakiinamisha kidogo kama mtu anayesikiliza umbeya, kisha akasema, "Vali ya silinda ya tatu." Wakifungua, kweli ni vali ya silinda ya tatu. Kwa hiyo binti yake Rowena alipomwambia kwamba anataka kufunga chombo cha kuichunguza injini ya gari lao la mbio, mzee aliweka kikombe chini akamtazama kana kwamba kaambiwa avae nepi.

"Chombo cha nini?"

"Cha kupima presha ya oili na joto la maji, Baba. Kinanirushia habari kwenye kishikwambi wewe ukiwa barabarani. Na kina taa nyekundu, nitaifunga mbele ya macho yako."

"Nina masikio, Ro."

"Najua unayo."

"Sasa hicho kitanisaidia nini? Kunishikia chai?"

Rowena alikuwa muuguzi wa wanyama na alikwisha kuzoea wagonjwa wasiotaka kuguswa. Lakini moyoni hakuwa na utulivu, na utulivu huo ulimtoka tangu majira ya vuli, siku ambayo gari lilikohoa katikati ya kona ndefu ya uwanja wa mbio wa Saxmere, likazunguka kama pia, likaishia nyasini likitazama lilikotoka. Baba yake alisema alikosea gia. Rowena alikuwa amesimama kwenye uzio siku ile, na aliiona mikono ya baba yake: yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Hakukuwa na gia iliyoguswa.

Gari lenyewe walilijenga wao wawili. Lilikuwa mabomba yaliyochomelewa na kuvikwa bati la alumini la buluu, halina milango wala paa, na uzito wake haufiki nusu ya gari la kwendea sokoni. Ukikaa ndani unaweza kunyoosha mkono ukagusa lami. Wepesi huo ndio ulikuwa utamu wake: lilikata kona kama mbayuwayu. Na wepesi huo huo ndio uliomkosesha Rowena usingizi, maana gari likikata kona kwa kasi hivyo, oili nayo hukimbilia upande mmoja wa sampo, bakuli lake la chini ya injini, kama maji kwenye beseni lililoinamishwa, pampu ikabaki inafyonza hewa.

"Bila chombo, Saxmere siendi," alimwambia. "Utajisukumia gari peke yako."

"Umeanza ubabe wa mama yako," mzee alinung'unika. Kwa watu wa nyumba ile, hilo lilikuwa neno la kukubali.

Alikifunga Ijumaa mchana, siku moja kabla ya mashindano. Alifungua sensa ya zamani ya oili ubavuni mwa injini, akaweka kiungo chenye matawi mawili, tawi moja la sensa ya zamani na jingine la hii mpya. Alikaza kwa spana taratibu huku akishika pumzi, kwa kuwa nati za pale zikikazwa kupita kiasi hukata nyuzi, na nyuzi zikikatika injini nzima lazima ishushwe. Akapitisha nyaya pembeni mwa bomba, mbali na silensa isiziunguze. Umeme aliuchukua kwenye fyuzi inayoamka na swichi. Waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme, akaufunga kwenye fremu. Desmond alikaa kwenye kigoda akimtazama, hasaidii wala haondoki.

"Washa," Rowena akasema.

Injini iliitika mara moja, ikanguruma. Rowena akatazama kishikwambi. Joto la maji lilikuwa linapanda vizuri. Presha ya oili: sifuri.

"Zima! Baba, zima!"

Akadhani kakata nyuzi, oili yote inamwagika chini. Akajitupa sakafuni na tochi, akachungulia. Pakavu. Hakuna hata tone. Akafuata waya baada ya waya kwa vidole, mpaka akafika kwenye ethi, na hapo akataka kujipiga kofi: aliifunga juu ya rangi. Umeme haupiti kwenye rangi. Alikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga upya, wakawasha, na presha ikasimama pale inapotakiwa kusimama.

Desmond alicheka mpaka akashika mbavu. "Siku ya kwanza ya kazi, kinaanza na uongo! Mwajiriwa kama huyu mimi ningemfukuza kabla ya chai."

Rowena alicheka naye, lakini kicheko hakikufika mbali.

Jumamosi Saxmere ilikuwa na manyunyu. Ulikuwa uwanja wa ndege wa zamani, wa enzi za vita, na upepo wake haukuwahi kujua adabu. Gethin Probert, mkaguzi wa magari wa klabu, Mwelshi mwenye kitambi na mdomo usiofungwa, alizunguka gari lao akitafuna mkate wa bekoni.

"Mzee Thirtle! Naona umefungiwa televisheni. Ukichoka njiani utaangalia mpira?"

"Muulize bosi wangu," Desmond akajibu akimnyooshea Rowena kidole.

Duru ya kwanza ilikuwa ya mazoezi. Rowena alikaa kwenye ukingo wa tela, kishikwambi mapajani, mvua ikimdondokea shingoni. Gari lilipita kwenye mstari mnyoofu na tarakimu zikatulia. Likaingia Kona ya Mnara, ile ndefu inayozunguka mnara wa zamani wa kuongozea ndege, na tarakimu ya oili ikaanguka. Haikuteremka, ilianguka. Kisha gari likatoka kwenye kona, na tarakimu ikarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mzunguko uliofuata, vilevile. Uliofuata, vilevile.

Baba yake aliporudi alikuwa na uso wa mtoto aliyetoka kuogelea.

"Taa iliwaka?" Rowena alimuuliza kabla hata hajavua glavu.

"Iliwaka."

"Na ukaendelea?"

"Jana kilisema injini haina oili kabisa, na wewe mwenyewe ulilala chini ukakuta pakavu. Nikiifuata taa hiyo nitabaki nimeegesha hapa hadi Krismasi." Alimpiga begani kwa upole. "Injini ikikosa oili inagonga, binti. Ikigonga, nitaisikia."

Rowena alifungua boneti. Ethi ilikuwa imekaza. Sensa imekaza. Kijiti cha oili kilionyesha imejaa sawasawa. Hakupata kosa lolote, na hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Angekuta waya umelegea angeshukuru. Sasa alikuwa kati ya chombo kilichomdanganya jana na baba ambaye hakuwahi kumdanganya. Angeweza kumwita Gethin, na Gethin angelizuia gari. Lakini kama kosa lilikuwa la mikono yake mwenyewe? Angekuwa amemharibia mzee siku mbele ya watu wote waliokuwa wakimletea injini zao azisikilize.

Akaamua kwenda kusikiliza mwenyewe.

Magari yalipoitwa kwa duru ya pili, yeye alikuwa anakimbia kwenye nyasi zenye maji, kishikwambi kakiingiza ndani ya koti, kuelekea Kona ya Mnara. Alifika akihema. Mshika bendera wa pale, mwanamke mrefu mwenye koti la rangi ya chungwa, alimtupia jicho akarudisha macho barabarani.

Mzunguko wa kwanza magari yalipita kwa kundi na kelele ikawa moja, mtu huwezi kutenganisha yupi ni yupi. Presha ilianguka. Mzunguko wa pili kundi lilikuwa limetawanyika, na baba yake akaja peke yake, gari limelalia kona, tairi za nje zikilia. Tarakimu ikaanguka. Na hapo Rowena akasikia, ndani ya ngurumo ile anayoijua kama sauti ya mama yake, kitu kigeni: ko-ko-ko-ko-ko, kavu, ya haraka, kama mtu anayebisha mlango akiwa na habari mbaya.

"Hilo la buluu linagonga," yule mshika bendera akasema.

Rowena alisubiri kusikia mguu wa baba yake ukitoka kwenye mafuta. Haukutoka. Ngurumo ilipanda ileile, na gari likatokomea nyuma ya mnara likizidi kasi.

"Mzuie," alisema. "Tafadhali. Ni baba yangu. Mzuie!"

Yule mama alikuwa tayari ameshika redio. Lakini bendera ya kumsimamisha ilikuwa upande wa pili wa uwanja, na mzunguko mzima ulikuwa bado mbele. Rowena alisimama ameshikilia waya wa uzio, akijua kitakachotokea iwapo konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, itakatika: itatoboa injini, oili itamwagika mbele ya tairi za nyuma, na gari lisilo na paa litageuka. Mlio ulirudi ukiwa mkubwa zaidi. Hata watu waliokuwa wakinywa chai kwenye viti vyao waligeuza shingo. Dereva peke yake ndiye aliyeonekana hana habari. Alipita mbele yake amenyoosha mgongo, amefurahi, akazama tena kwenye mstari mnyoofu, na huko mwisho wake bendera nyeusi yenye duara la chungwa, ya kumwita dereva mwenye gari bovu, ilikuwa inamngoja.

Rowena alipofika kwenye maegesho, injini ilikuwa imezimwa na Desmond amesimama kando ya gari anapambana na mkanda wa kofia yake ngumu. Gethin alikuwa mbele yake.

"Nani kanipungia bendera?" mzee alifoka. "Injini ilikuwa safi! Safi kama maji ya kisima!"

Rowena alikuwa nyuma yake. Aliingoja kofia itoke kichwani.

"Baba, hukusikia?"

Desmond aliendelea kupanga glavu ndani ya kofia.

"Baba. Hukusikia?"

Hakugeuka. Gethin aliinua macho akamtazama Rowena, na mkate aliokuwa nao ukabaki katikati ya safari. Ni uso wa Gethin uliomfanya mzee ageuke. Akamwona binti yake amesimama pale, amelowa, akajua kwamba aliulizwa jambo.

Rowena hakuhitaji kuelezwa. Mambo yalimjia yenyewe, moja likimvuta jingine: televisheni inayosikika hadi kwa jirani, simu zisizopokelewa, namna baba yake alivyokuwa siku hizi akitazama mdomo wa mtu badala ya macho. Na ule mtindo wake mpya wa kuweka kiganja juu ya boneti za watu. Yeye alidhani ni mapenzi ya uzeeni. Kumbe mzee alikuwa anasikiliza kwa vidole.

Gethin akasema anakwenda kutafuta beseni la oili. Hakuonekana kulitafuta kwa haraka.

"Tangu lini?" Rowena aliuliza, safari hii wakitazamana.

Desmond alikaa kwenye tela. "Sijui. Sauti nyembamba ndizo zilianza kuondoka. Kama wageni kwenye sherehe, wanatoka mmoja mmoja na hakuna anayeaga. Siku moja unageuka, chumba kitupu." Aligeuza glavu mikononi. "Injini naisikia, Ro. Nasikia kwamba ipo. Ila ni kama imefunikwa blanketi."

"Na vuli ile?"

"Vuli ile sikuelewa kilichonitupa nje. Mpaka leo."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Desmond Thirtle hasikii? Halafu mimi ningekuwa nani?"

Rowena alimshika mkono, nao ulikuwa wa baridi na unanuka petroli.

Walifungua filta ya oili hapohapo. Gethin aliipasua kwa kisu, akaikunjua karatasi ya ndani, na wote watatu wakainama. Ilikuwa inameremeta. Vumbi la chuma cha beringi lilijaa kwenye mikunjo, laini, la kupendeza macho. Gethin akapuliza pumzi.

"Beringi za konrodi. Mizunguko miwili zaidi, mzee, na tungekuwa tunakuokota vipandevipande."

Rowena alikaa juu ya tairi la akiba, akaweka mikono kati ya magoti. Desmond alimwangalia, kisha akaiangalia ile filta, kisha akamwangalia tena binti yake kwa muda mrefu.

"Wapo viziwi wanaokimbiza magari," Gethin akasema, safari hii bila mzaha, akihakikisha mdomo wake unaonekana. "Wanatazama taa. Na taa ikiwaka wanasimama. Ni hilo tu la kujifunza, Desmond."

"Na ikidanganya?"

"Unasimama vilevile, halafu unamtukana fundi."

Walipakia gari kwenye tela mvua ikiwa imezidi. Njiani Rowena aliendesha, mzee pembeni yake, wipa zikifuta kioo. Alisema Jumatatu atampigia simu daktari wa masikio, na mzee akakubali. Wakasema injini itashushwa, sampo itafungwa vibati vya ndani vya kuzuia oili isikimbie, na mbio zijazo hazitawakuta tayari. Haya yote Rowena alilazimika kuyasema uso ameugeuzia kwake kila walipopata nafasi, halafu anarudisha macho barabarani upesi.

Kwenye taa za njia panda ya Dereham walisimama. Desmond alimgeukia.

"Ulikuwaje?" akauliza. "Ule mlio."

Rowena alikunja kidole akagonga juu ya usukani, kavu na haraka.

"Rudia."

Akarudia. Mzee aliukazia macho mkono ule, midomo ikichezacheza kama mtu anayehesabu. Taa ilibadilika ikawa kijani. Nyuma yao mtu akapiga honi, akapiga tena kwa hasira, na Rowena, mguu tayari juu ya mafuta, akamtazama baba yake aone kama atashtuka. Desmond alikuwa bado anautazama mkono.

"Mara moja zaidi," alisema.