Risasi Kwenye Pindo

Dada yangu ni fundi wa mapazia, na kwa ubishi hana mwenzake. Wateja walimwita Bonge. Alicheka nao vizuri tu, kisha akaja kulia kwenye chumba cha kupigia pasi, mpaka macho yakavimba. Mwenye pasi nilikuwa mimi, mdogo wake, kwa hiyo machozi yale niliyaona peke yangu.

Hospitali ilipotafuta watu wa kujaribiwa dawa mpya ya kupunguza unene, alikimbilia. Sindano ilipeleka jeni kwenye mafuta ya mwili, na mafuta yakaanza kujiunguza yenyewe hata mtu akiwa amelala. Zilikuwa sindano mbili. Daktari alimwambia wazi kwamba atakayepungua kwa kasi mno baada ya ile ya kwanza hatapewa ya pili, maana jeni ikishaingia haitoki.

Ya kwanza ilimkubali kupita kiasi. Magauni yakampwaya, akawa anajizungusha mbele ya kioo huku akiimba. Nilifurahi, sikatai. Lakini ukimgusa anaunguza, na moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi anatunga uzi.

"Mwambie daktari," nilimsihi.

"Ili aninyime ya pili? We mtoto una wazimu?"

Siku ya kupimwa alivaa gauni refu, akapanda kwenye mizani. Mizani ikaonyesha anapungua taratibu, vizuri kabisa. Akachomwa ya pili.

Nilijua alichofanya siku alipoanguka dukani, amevaa tayari kwenda kupimwa tena. Nilimvua lile gauni nimmwagie maji, likanielemea mkononi. Pindo lote lilikuwa na vipande vizito vya madini ya risasi, vile tunavyoshonea chini ya mapazia yasipeperuke. Alivishona kwa mkono, mishono midogo, safi. Nilitamani kumzaba kofi, na mwenyewe hana hata fahamu.

Sasa yuko wodini, feni mbili zinampuliza. Anakula kuliko wachimba visima, na bado mbavu zinahesabika. Jana daktari alinivuta kando, kwenye korido.

"Hatuna namna ya kuizima," alisema. "Mafuta yakiisha, mwili unageukia misuli. Na moyo nao ni msuli."

"Kwa hiyo?"

Alinishika bega, akaenda zake.

Nilirudi kitandani nimefura, nimejiandaa kumpasha. Nilitaka aniambie kilichomtuma, akili alikuwa ameziacha wapi. Nilimkuta macho, anapitisha viganja ubavuni, juu chini, taratibu.

"Nimepata kiuno," alisema. "Umeona?"

"Nimeona, dada."

"Basi usininunie. Nikiambiwa nichague upya, nitazishona tena risasi zile."

Alisema kweli, nilimwona usoni. Nikaketi pembeni ya kitanda nikalia, na yeye ndiye aliyenibembeleza.