Ukurasa wa Mwisho wa Hati

Katika jiji lile kubwa, hospitali zilibadilisha wamiliki kama watu wanavyobadilisha mashati. Ile ya reli iligeuzwa hoteli, ile ya manispaa ikachukuliwa na kampuni ya bima. Mikononi mwa wananchi ilibaki moja tu, waliyoachiwa na wamishonari walipofunga virago, yenye wodi ya wazazi isiyomtoza mama hata senti. Sasa kampuni moja ilikuwa imekuja na hati ya mauzo, na wodi ilikuwa ifungwe mwisho wa mwezi.

Karani wa bodi ya wadhamini hakuwa na wasiwasi hata chembe. Watu walimwita Muhuri, hata wajukuu zake. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna karatasi ya hospitali iliyopita bila yeye kuwa shahidi.

"Hati yenyewe ya kughushi," alimwambia bintiye, mkunga wa wodi ile ile, wakiingia ukumbini kwenye mkutano wa kujadili mauzo. "Subiri uone nitakavyowaumbua."

"Baba, usije ukapandisha presha tu."

Ukumbi ulijaa wauguzi, wapishi, wafagizi na kina mama wenye mimba. Muhuri hakungoja hata kuitwa. Alisimama, akamnyooshea kidole wakili wa kampuni, mwanamke kijana mwenye adabu zake.

"Nani shahidi kwenye hiyo hati? Tusomee jina!"

Wakili alifunua ukurasa wa mwisho. "Ni wewe, mzee wangu."

Watu wakacheka. Muhuri naye akacheka, akaenda kutazama. Aliona sahihi yake, na mkia wake mrefu. Aliona muhuri wake uliomegeka pembeni. Akashika meza.

Ukweli ni huu, na ni aibu kuusema. Kila Ijumaa mzee huyu alikuwa akisaini na kugonga muhuri kurasa kumi na mbili za mwisho, tupu kabisa, ili mwenyekiti wa bodi asisumbuke kumngoja. Wote walimsifu: Muhuri hacheleweshi kazi! Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwenyekiti alichukua ukurasa mmoja, akaubandika nyuma ya hati ya mauzo, kisha akatokomea ng'ambo.

"Nilisaini karatasi tupu!" Muhuri alipaza sauti, jasho likimtoka. "Hati sikuisoma! Shahidi ambaye hakuona kitu si shahidi, kwa hiyo mauzo ni batili!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi na vigelegele. Bintiye alilia kwa furaha bila kujificha.

Wakili alingoja wanyamaze. Akatoa karatasi nyingine, kuukuu, ya manjano.

"Na hii je, mzee? Hii ndiyo hati ya wamishonari kuwakabidhi wananchi hospitali. Shahidi ni wewe. Siku ni Ijumaa."

Muhuri aliinamia karatasi, akaiona sahihi yake. Alikumbuka Ijumaa ile: wamishonari wakiwahi meli, mwenyekiti wa kwanza akimwomba ukurasa kutoka kwenye rundo.

Bintiye alikuwa ameshafika ubavuni pake. "Baba," alinong'ona, "sema hiyo uliisoma."

Muhuri alifungua kinywa. Hakuwahi kumdanganya mtoto huyu.

"Sikuisoma, mwanangu."

Mama mmoja mwenye mimba kubwa akauliza kwa sauti, "Sasa hospitali ni ya nani?"

Watu wote wakageuka kumtazama Muhuri.