Uvimbe Unaosikia

Daktari alituletea habari njema, mimi nikaigeuza msiba. Ndivyo nilivyo. Marehemu mama yangu alikuwa akisema mdomo wangu niliumbwa nao bila breki, na alilisema hilo akicheka, maskini, kwa kuwa hakuishi kuona ulichokuja kufanya.

Mume wangu ni fundi friji. Mtaani wanamwita Mluzi, maana hawezi kulegeza hata skrubu moja bila kupiga mluzi. Mluzi ulipoanza kukwama tulidhani ni mafua. Kisha kikatokeza kivimbe shingoni, chini ya sikio. Mimi ni fundi cherehani na mashati yake namshonea mwenyewe, kwa hiyo nilipoona hawezi kufunga kifungo cha juu cha shati nililompima kwa mkono wangu, nikamwambia kesho hospitali, na usinibishie. Hakubisha. Yeye si mtu wa kubisha.

Walikuta saratani kwenye shina la ulimi. Wakakata kinyama kidogo, kikapelekwa maabara, tukasubiri roho juu. Siku ya majibu daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alitukalisha akatabasamu. Alisema ndani ya uvimbe wamekuta chembe za urithi za kirusi fulani, na kwamba kuzikuta mle ni alama njema. Saratani za koo hazifanani, akasema. Kuna zilizo sugu, hasa zile za wavuta sigara wakubwa, unazipiga mionzi nazo zinakutazama tu. Zenye alama hii mara nyingi husikia.

"Uvimbe wako ni wa kusikia mionzi," alimwambia mume wangu. "Ukija kila siku bila kukosa, nina matumaini makubwa."

Mluzi alishusha pumzi hadi mabega yakalegea. Mwanamke mwingine angemshukuru Mungu, akabeba mkoba wake wakaenda zao. Mimi nikauliza hicho kirusi huingiaje kooni. Daktari hakuzunguka. Alisema hupitia kwenye mapenzi, ya kawaida na ya mdomo. Akaendelea kueleza kwamba karibu kila mtu hukutana nacho maishani, kwamba wengi miili yao hukifuta wasijue hata kilipita, kwamba kinaweza kulala mwilini miaka na miaka. Najua aliyasema hayo kwa sababu alikuja kuyarudia. Siku ile sikuyasikia. Masikio yangu yaliziba palepale kwenye neno mapenzi. Nikamgeukia mume wangu, naye alikuwa akitazama viatu vyake.

Laiti ningemuuliza tukiwa wawili. Nilinyamaza njia nzima, nikanyamaza nyumbani. Jumamosi akaja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, na chupa ya uji. Wifi ni mpishi wa shule. Anachokijua leo, kesho jikoni zima linakijua, na keshokutwa wazazi wa wanafunzi. Nilikuwa nimepiga magoti sebuleni nampima gauni jirani yetu mmoja, yule anayefanya usafi hospitalini, na pini zangu nimezibana midomoni. Wifi akauliza majibu ya kaka yake yamesemaje. Mluzi akafungua kinywa kujibu. Nikazitoa pini, moja moja, nikazichomeka kwenye kijimto.

"Muulize vizuri," nikasema. "Muulize koo lake lilikuwa likitafuta nini kwenye mapaja ya watu."

Jirani alisimama kama sanamu, pindo limebanwa pini nusu. Wifi alisema toba, kwa sauti ya chini, kisha akaniuliza nina maana gani, nami nikamwaga yote, kirusi na njia yake, na chumvi yangu juu. Mume wangu aliweka kikombe mezani polepole, akatoka kwenda kwenye karakana yake. Nitasema kweli, nilijisikia vizuri. Nilimalizia pindo lile, mshono umenyooka.

Mtaa ukafanya kazi yake. Wateja walimuuliza kama friji zao nazo zina kirusi, wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Wifi aliacha kuleta uji, akasema kaka yake ameivua nguo nyumba ya baba yao. Watoto wetu wakubwa, wanaoishi mbali kwenye nyumba zao, walipiga simu kumsalimia baba, nikawaambia yupo kazini. Mluzi alihamishia godoro sebuleni. Alipoanza mionzi alikwenda peke yake, maana nilisema nina vitambaa vya watu. Mdomo ulimchubuka ndani, akawa anameza mate kwa kufumba macho. Nilikuwa namwekea uji mezani kama mtu anayemwekea mpangaji, kisha narudi kwenye cherehani yangu.

Ndipo nikapigiwa simu na mwanamke anayeendesha mashine ya mionzi. Aliuliza kwa adabu kama mgonjwa wetu amesafiri, kwa sababu tangu wiki iliyopita barakoa yake iko rafuni haijaguswa. Nikamwambia hapana, mbona kila asubuhi anaondoka. Nilipoyatamka hayo ndipo akili ikanirudi. Anaondoka, lakini hafiki.

Nilikwenda hospitali mwenyewe. Yule mwanamke alinionyesha chumba kidogo chenye barakoa za wagonjwa, plastiki nyeupe ya matundumatundu, kila moja imefinyangwa kwa uso wa mwenyewe. Mgonjwa hulala chali, hufunikwa nayo, nayo hubanwa mezani ili kichwa kisicheze na mionzi isikosee. Ya mume wangu niliitambua kwa umbo la pua kabla sijasoma jina. Alinieleza kwamba imeanza kumpwaya shingoni kwa jinsi alivyokonda, na akija itabidi wamtengenezee nyingine. Mimi, niliyekuwa nikijua shingo ile kwa sentimita, nilikuwa sijui kama imepungua.

Daktari hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema alama ile haimponyi mtu asiyekuja. Uvimbe ukipumzishwa katikati ya tiba unajikusanya upya, na unaweza kumnyang'anya nafasi ya kupona ambayo hawataweza kumrudishia. Akaniomba nimlete kesho, si wiki ijayo. Kisha, akiwa bado anaandika, akauliza kama mimi mwenyewe nimewahi kupimwa mlango wa kizazi.

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa. Nilipimwa zamani, baada ya mtoto wa pili, wakakuta kidoa, wakakigandisha kwa baridi, kikaisha. Niliyasema kama mtu anayesimulia jino lililong'olewa. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, kidoa kile huletwa na kirusi hikihiki."

Nikauliza kama mume wangu alikitoa kwangu. Alisema inawezekana. Inawezekana pia mimi nilikitoa kwake, au kila mmoja alikuja na chake kabla hatujajuana. Hakuna kipimo kinachoweza kusema nani alimpa nani, na hakuna wa kulaumiwa. Hapo ndipo aliporudia maneno yale yote ya siku ya kwanza, mimi nikiyasikia kama mapya, uso unaniwaka moto.

Nikikumbuka sasa, siku ya kukigandisha mume wangu ndiye aliyenipeleka. Alikaa kwenye benchi amempakata mtoto, na mimi nikiwa bado nimelala, muuguzi akamwita pembeni wakazungumza kitambo. Akatoka, akachukua mkoba wangu, akanishika mkono. Majuma yote yaliyofuata alipika yeye na kufua yeye. Sikuwahi kumuuliza muuguzi alimwambia nini. Nilidhani amemweleza nisibebe ndoo.

Nilimkuta karakana, amekaa juu ya kreti nyuma ya friji iliyofunguliwa mgongo, hafanyi kitu. Nikamwambia natoka hospitali. Aliinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyetoroka shule, mwanamume wa mvi, na mimi niliyemfikisha pale nikatamani ardhi inimeze. Kwa sauti yake ya kukwaruza alinieleza kuhusu benchi. Kuna benchi refu mbele ya chumba cha mionzi, na jirani yetu yule husafisha hapo. Mume wangu akitokea tu, watu wananyamaza. Akiisha kuwapita, wanaanza.

"Nikilala mle nafungwa uso, siwezi hata kugeuka," akasema. "Najua nje wananisema. Siwezi tena, mama."

Nikamuuliza siku ile ya kidoa changu muuguzi alimwambia nini. Alikamata spana, akaifuta kwa kitambaa, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi.

"Aliniambia ni kirusi. Na jinsi kinavyokuja."

"Kumbe ulijua. Miaka yote hii."

"Nilijua."

"Na siku naropoka mbele ya watu, jibu ulikuwa nalo. Kwa nini hukusema?"

Alinitazama kwa mshangao, kama nimemuuliza kwa nini hatembei uchi.

"Ningekusema mbele ya dada?"

Sijui nilifikaje chini. Nakumbuka nimekaa kwenye sakafu ya karakana yenye grisi, gauni zuri limechafuka, nalia kwa kwikwi, na yeye amenishika bega, yeye mgonjwa ananibembeleza mimi mzima. Aibu nyingine mtu huziosha zikaisha. Hii ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Nilimwomba radhi, akasema yameisha. Nikamwomba arudi kwenye mionzi, akatikisa kichwa. Hakuwa amenikasirikia. Alikuwa hawezi kupita mbele ya benchi lile, basi. Nikaona kwamba radhi yangu ya faragha haitamfikisha kokote. Nilimvua nguo mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo pa kumvika.

Nikampigia wifi simu nikamwomba tukutane hospitali asubuhi. Mume wangu nilimwambia kwamba mara hii nakwenda naye, nitakaa benchini mpaka atoke, na anayetaka kusema atasemea usoni kwangu. Alikubali kwa shingo upande. Njiani alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa na jasho.

Wifi alikuwa ameshafika, amekumbatia mkoba, amenuna. Benchi lilikuwa limejaa. Jirani alikuwa pembeni na ndoo yake, na alipotuona akapunguza mwendo wa kudeki. Mluzi aliitwa. Nilingoja mlango ufungwe, nikasimama mbele ya wifi. Sikupunguza sauti.

"Wifi, nilimsingizia kaka yako. Kirusi kile nilikuwa nacho mimi. Nilitibiwa mlango wa kizazi tangu watoto wadogo, na yeye ndiye aliyenipeleka na kuniuguza. Akaninyamazia mpaka leo."

Dekio likasimama. Mzee mmoja benchini akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Wifi alinitazama kuanzia viatuni hadi kilembani, na nikaona uso wake ukibadilika polepole, mzigo ukihama kutoka kwa kaka yake kuja kwangu.

"Kwa hiyo ni wewe uliyemletea," akasema.

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tayari ulimini, neno kwa neno kama daktari alivyolisema: haijulikani nani alimpa nani, huenda ni yeye, huenda ni mimi, hakuna wa kulaumiwa. Ni kweli tupu, na mimi kwa kujitetea nani ananiweza. Lakini lile neno moja, huenda ni yeye, lingetosha. Wangelibeba hilo peke yake, wangerudi nalo mtaani kabla ya mchana, na kesho mume wangu asingepita hapa.

Nikaufunga mdomo wangu. Wifi akasonya. Kisha akasogeza mkoba wake mbali na nguo yangu.

Mluzi alitoka na alama za barakoa zimemchora paji la uso na mashavu. Dada yake alimwendea mbio, akamshika mikono miwili, akamwita mdogo wangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Jumamosi ile. Yeye akamtazama dada, akanitazama mimi niliyebaki peke yangu upande wa pili, akaelewa. Akafungua kinywa.

"Dada, sikiliza, siyo hivyo..."

"Usiongee na koo hilo," nikamwambia. "Twende."

Tulirudi kesho yake, na kila siku iliyofuata. Yeye alipita mbele ya benchi shingo wima, watu wakimpisha na kumpa pole. Akiisha kuwapita, walinitazama mimi wakaanza kunong'ona, nami nikakaa palepale nikimngoja.