Ghala Linalopika

Nitegee sikio kabla sijakutega: nina ghala lisilo na mlango. Kila mtu hudhani limejaa akiba tu, kumbe ndani linapika mchana na usiku, na moshi huuoni. Ni nini? Usiharakishe. Hata aliyekuwa akilibeba hakujua.

Alikuwa fundi makochi, mnene, mcheshi, tumbo linafika mlangoni kabla yake. Mkewe alikuwa dobi. Tangu waoane, nguo za mume hazikuwahi kufuliwa na mikono mingine. Mara fundi akaanza kufua mashati mwenyewe. Akawa analala nayo, anaoga mlango umekomewa. Mke hakai, hatulii. Atie pasi moto, aisahau ipoe. Aanike shuka, aianue ingali mbichi. Kaka yake alifariki kwa uvimbe aliouficha mpaka ukamshinda, na hofu hiyo ndiyo iliyomtafuna.

"Baba watoto, una nini kifuani?"

"Moyo. Na wewe umo."

"Nakuuliza kweli."

"Nami nakujibu kweli. Mbona unanichunguza kama doa la chai?"

Akacheka peke yake. Asubuhi moja mke akamkumbatia ghafla kutoka nyuma, vidole vikagota kitu kigumu chini ya shati. Ni ule mkanda wa kuvutika unaopigiliwa chini ya viti vya kochi. Umemzunguka kifua, umekazwa hasa.

"Umejifunga kama kochi! Leo tunakwenda zahanati, au narudi kwa mama."

"Kwa mama yako hakuna nafasi, dada zako wamejaa."

"Nitalala jikoni. Vaa viatu!"

Daktari alikuwa binti mdogo, sawa na mtoto wao wa kwanza. Alipomwomba fundi avue shati, fundi akatazama dari, kisha mlango. Mke akaelewa, akatoka bila kuambiwa. Nje kwenye benchi akakaa, akasimama, akakunja mtandio, akaukunjua, akamwuliza mgonjwa wa jirani saa, asilisikie jibu. Mwishowe akaitwa.

Mumewe alikuwa kifua wazi, macho sakafuni. Matiti yalikuwa yamejaa, na mkanda ulikuwa umeyachubua pembeni.

"Mama, nimepapasa pande zote mbili, sijagusa uvimbe wa kutisha," daktari alisema. "Damu tutaipima ili tusibahatishe. Ila nadhani chanzo ni haya mafuta ya mwilini."

"Mafuta si yamekaa tu, kama sponji?" fundi alinong'ona.

"Sponji ndiyo hukaa, baba. Mafuta yanapika. Seli zake hutengeneza vimeng'enya, vile vinavyogeuza kitu kimoja kuwa kingine. Kimoja huchukua homoni ya kiume kikaigeuza kuwa ya kike, nayo ikaingia kwenye damu, ikakuza matiti. Kila mwanamume anayo kidogo, lakini mafuta yakizidi, na mapishi yanazidi. Tena humohumo hutoka vitu vingine vya kubana mishipa, na presha yako nimeiona iko juu. Tumbo likipungua, huenda na matiti haya yakapungua. Mkanda uache."

Umekipata sasa? Daktari ndiye aliyekutegulia; haya, nipe mji wangu.

Mke alicheka mpaka machozi yakamtoka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Jamani, kumbe nimeolewa na kiwanda!"

Daktari naye akacheka. Fundi hakucheka.

Walipotoka, mke akamshika mkono. "Mbona hukuniambia?"

Fundi akaongeza mwendo, kama anayekimbizwa na mvua, na mbingu kavu. Nyumbani akainua nyundo, akaiweka. Akafungua dirisha, akalifunga. Mke akamkalisha kwenye kigoda, akamvua shati, akaanza kumpaka dawa palipochubuka.

"Nimekuzika mara ngapi kichwani mwangu, baba watoto! Mimi nimekufulia mpaka soksi. Mbona hili hukuniambia?"

Upande mmoja ukaisha kupakwa. Fundi akageuka, amwangalie usoni.

"Niliona kama nakuibia mume wako," alisema. "Kidogo kidogo, kila siku."